Elfu Niliyoigeuza Mia

Juma lililopita mjukuu wangu alirudi kutoka Nkwenda na mfuko wa unga wa muhogo. Alipoufungua jikoni, harufu ikanifikia pale nilipoketi nikimenya ndizi, harufu ya unga uliokaa siku nyingi ndani ya gunia ukapata unyevu, uchachu uliochanganyika na katani. Kisu kikanitoka mkononi. Nikamwambia autoe nje.

"Lakini Bibi, mbona ni mzima?" akasema, akachovya kidole akaonja.

Nikamwambia tena autoe, kwa sauti ambayo hajapata kuisikia kwangu, naye akautoa bila kuuliza. Vijana wa siku hizi wakiona mzee amebadilika sura hudhani ni maradhi.

Ninyi mliozaliwa miaka yangu, mkakulia huku kwetu enzi za Mwingereza, hamhitaji kuelezwa. Sisi ni watu wa ndizi. Mtoto wa Kinyambo aliyekula ugali wa muhogo wakati ule alikuwa mtoto ambaye kibanja cha kwao hakikuwa na mkungu hata mmoja wa kukata. Unga huo ulitufikia mara moja tu katika utoto wangu, na kiasi kilichotufikia kilipimwa na neno lililotoka mdomoni mwangu.

Baba alikuwa msimamizi wa kijiji chetu kule Nyakatuntu, cheo tulichokiita mkungu. Hakujua kuandika hata jina lake. Lakini kwa kukadiria vitu vingi hakuwa na mfano wake. Watu walimwita aje atazame kahawa ikiwa bado mbichi mtini, naye akipita katikati ya miti, mikono nyuma, akitoka upande wa pili alikuwa amekwisha jua itajaza magunia mangapi. Kukiwa na harusi, yeye ndiye aliyeambiwa idadi ya koo zitakazoalikwa, akasema vitahitajika vibuyu vingapi vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na rubisi haikupungua wala haikumwagwa. Jioni, mama akipika, baba alinikalisha karibu naye, akanimiminia ulezi kiganjani na kuniuliza punje ni ngapi. Mimi nilianza kuhesabu moja moja. Yeye alicheka.

"Utazeeka hapo hapo," aliniambia. "Hesabu pembe hii ndogo tu. Ngapi?"

"Ishirini."

"Na pembe kama hiyo ziko ngapi kiganjani mwako?"

Nilitazama. "Kama hamsini hivi, Tata."

"Basi hiyo ni rukumi. Hamsini ziwe arobaini na tano, ziwe sitini, mimi sikugombezi, bado uko nyumba ya rukumi. Ila ukiniambia igana, hapo umeingia nyumba ya watu wengine kabisa."

Ikumi, igana, rukumi. Kumi, mia, elfu. Nilivijua vile vidogo viwili kwa vidole na kokoto, lakini rukumi niliijua kwa punje tu. Ilikuwa kitu cha kujaa kiganjani. Tena nyumbani kila mtu aliitumia ovyo. Bibi yangu, Mukaka, aliyelala chumba kimoja nami, alikuwa akiniita mara mbili nisipoitika ananiambia, "Nimekuita mara rukumi, masikio yako umemkopesha nani?" Kwa hiyo ndani ya kichwa changu rukumi haikuwa hesabu hasa. Ilikuwa namna wazee walivyosema wakiwa wamechoka au wamekasirika.

Halafu nzige wakaja. Sisi watoto tulikuwa shuleni, kwenye kile chumba cha udongo kando ya kanisa, tukasikia mvua ikipiga migomba, nje jua linawaka. Tukatoka mbio. Mbingu upande wa Mto Kagera ilikuwa na rangi ya kutu, na ile kutu ilikuwa inakuja kwetu. Walipotua, migomba iliinama. Nakumbuka mlio wa kutafuna, kama watu wengi wanaotembea juu ya majani makavu wasifike popote. Sitawadanganya, sisi tulifurahi. Tuliwazoa kwa vikapu, tukawakaanga, tukala hadi matumbo yakatuuma, nami nikadhani ni sikukuu ambayo wakubwa, kwa sababu zao wenyewe, wamekataa kuifurahia. Mama alikuwa amesimama katikati ya kibanja akitazama migomba iliyobaki vishipa vya majani tu, mdogo wangu Kemilembe mgongoni, nami nikamletea nzige wa moto kwenye jani. Hakulipokea.

Kesho yake mwalimu alituuliza mmoja mmoja tulichokiona. Mwalimu wetu hakuwa mtu katili, ila uongo ulimkera kuliko uvivu. Zamu yangu ilipofika nikasema nimeona nzige elfu.

"Elfu?" akauliza. "Uliwahesabu?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi umejuaje kuwa ni elfu? Nyosha mkono." Alinichapa viboko vitatu vya kiganja. "Mtu asiyehesabu akataja elfu ni mwongo. Hapa tumefundishana kuhesabu mpaka mia. Sema unachokijua."

Leo ninapokumbuka nacheka, tena si kicheko cha furaha, maana nzige wale walikuwa wengi kiasi kwamba elfu ilikuwa kama tone. Nilichapwa kwa kusema kidogo mno, nami nikaelewa kwamba nimechapwa kwa kusema mno. Tangu siku ile neno elfu likawa na uchungu kiganjani mwangu.

Baada ya nzige wakatoka tunutu ardhini, wadogo weusi wasioruka, wakamaliza machipukizi. Mvua iliyokuwa ije haikuja. Maharage yalikauka yakiwa na maua. Tulikula mizizi ya migomba, Mukaka akitufundisha namna ya kuitwanga na kuichemsha mara tatu ili isitukerekete koo. Kemilembe, aliyekuwa ameanza kukimbia, akarudia kutambaa. Nywele zake zikawa nyekundu, nami niliziona nzuri, nikamwambia mama kuwa mtoto anakuwa Mzungu.

Ndipo ikasikika kwamba serikali itatoa unga, na kwamba karani atapita kila kijiji kuuliza idadi ya watu. Baba alizunguka milima yetu siku tatu. Siku ya kwanza nilikwenda naye, mteremko wetu wenyewe, nikifunga fundo kwenye kamba ya mgomba kwa kila mtu niliyemwona. Nilipofika mia nikaacha, kwa kuwa sikujua tena nini kinafuata, na nilikuwa nimechoka kwa njaa. Baba alinirudisha nyumbani. Miteremko mingine minne aliipita peke yake, hakuniambia alichokiona, na mimi nilibaki na kamba yangu ya mafundo mia nikiamini kuwa nimewamaliza karibu watu wote wa dunia.

Karani alifika asubuhi, mtu mrefu wa upande wa Tabora, kaptula ya kaki, daftari kwapani na fimbo ya mwanzi aliyokuwa akiwafukuzia mbwa. Hakujua Kinyambo. Baba alinisogeza mbele. Alikuwa amevaa shuka lake safi, na nilijua ananionea fahari, binti wa miaka tisa anayesoma, anayesema Kiswahili kama maji.

"Shikamoo, bwana," nikasema.

"Marahaba. Muulize mkungu wako, watu wenye njaa hapa ni wangapi?"

Nikamgeukia baba nikamuuliza. Baba hakufikiri. "Mwambie rukumi," akasema. "Pungufu kidogo au zaidi kidogo, lakini ni rukumi."

Nilitazama ile fimbo. Karani alikuwa anaigonga polepole kwenye mguu wake. Nilijua kitakachofuata. Angemuuliza baba, "Uliwahesabu?" na baba angesema hapana, maana baba hakuhesabu watu mmoja mmoja, mimi ndiye niliyefunga mafundo. Kisha angemwambia anyoshe mkono, mbele ya mama, mbele ya Mukaka. Baba yangu, mzee, na ndevu zake zenye mvi. Nilimhurumia kwa kutojua kwake mambo ya watu waliosoma.

"Mia moja," nikasema.

Karani akainua uso. "Mia moja? Milima yote hii?"

"Ndiyo, bwana. Nimewahesabu."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu aingie uani. "Huyu ndiye mkungu mkweli," akasema akiandika. "Nilikotoka kote wananitajia maelfu." Akampa baba mkono. Baba akaupokea kwa mikono miwili, akanitazama. Sikuelewa lile tazamo. Nilidhani ananishukuru.

Siku ya kugawa unga tulitoka nyumbani alfajiri kwenda Nkwenda, kijiji kizima, wenye nguvu wakiwabeba wasio na nguvu. Magunia yalipangwa uwanjani mbele ya maduka, fungu la kila kijiji peke yake. Kijiji jirani, kidogo kuliko chetu, fungu lake lilikuwa kama kichuguu. Fungu letu lilikuwa magunia manane. Kwanza niliona fahari, maana magunia manane ni mengi kwa mtoto. Kisha nikageuka nyuma kuwatafuta wenzangu ili niwaonyeshe, ndipo nilipowaona watu wa kijiji chetu. Sikuwa nimepata kuwaona wote mahali pamoja. Walikuwa wameketi chini, uwanja mzima, na wengine walikuwa bado wanashuka njiani, mstari usiokatika. Nilianza kuhesabu. Nikafika mia kabla sijawamaliza waliokuwa kwenye kivuli cha duka la kwanza.

Nikaanza tena kutoka moja.

Baba alikuwa mbele ya meza. Nikamsikia karani akimwambia, kidole kikiwa kwenye daftari, "Mia moja. Si ulisema mwenyewe, kupitia huyu mtoto wako?" Nilisubiri baba anigeukie. Hakunigeukia. Akasema kwa Kiswahili, kizito lakini wazi, "Ndiyo, bwana. Ni mimi niliyesema." Wakati ule sikujiuliza amekipata wapi hicho Kiswahili. Nilisikia tu kwamba sijatajwa.

Baba aligawa kwa kibakuli kimoja cha mti, kibakuli kwa kila mtu, unga ukikung'utwa hadi vumbi la mwisho, akianza na miteremko ya mbali na kumalizia na nyumba yetu. Kwa watu mia, magunia yale yangefika karibu mwezi. Sisi yalitufikisha siku ya tatu. Ta Rwekaza, jirani tuliyepakana naye kibanja, alipopokea kibakuli chake hakuondoka. Alisimama akitazama fungu la kijiji jirani, akatazama letu.

"Mkungu," akasema, "mengine umeyapeleka wapi?"

Baba aliendelea kupima. Swali lile halikuhitaji jibu, lilikuwa limekwisha kuwa jibu. Kabla hatujafika nyumbani lilikuwa limetutangulia.

Mama alimuuliza siku hiyo hiyo, nikiwa nimeketi mlangoni. "Ulimwambia karani watu wangapi?"

"Nilikosea," baba akasema.

"Wewe?" Mama hakupaza sauti. "Wewe unayejua kahawa ikiwa bado mbichi? Wewe ukosee watu?"

Na hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kama baba angekuwa mtu wa kawaida, mtu anayebahatisha, mama angeamini kosa. Lakini hakuna aliyeweza kuamini kwamba yeye amekosea elfu akaiita mia. Kwa hiyo iliwabidi waamini kwamba ameuza unga wao.

Mukaka ndiye aliyefariki kwanza. Kibakuli chake hakukigusa, alikisogeza kwa mguu hadi kwa Kemilembe akajifunika uso. Baada yake, nyumba ya Ta Rwekaza ilitoa watoto wawili siku moja. Kule miteremko ya mbali sikufika, ila niliona watu wakipita na majembe yasiyokwenda kulima. Kemilembe alifariki mchana, mama akiwa amekwenda kisimani. Mimi ndiye niliyekuwa nimempakata. Alikuwa mwepesi hivi kwamba sikujua, niliendelea kumwimbia. Mama aliporudi akautua mtungi, akatutazama, akaniambia, "Nyamaza sasa." Mvua zilianza siku chache baadaye. Nilizichukia, na hadi leo za mwanzo zikinyesha mimi huingia ndani.

Baba alivuliwa cheo cha mkungu. Hakujitetea. Watu waliacha kumwita kutazama kahawa yao, na siku moja mgeni asiyejua habari alipomuuliza shamba lile litatoa magunia mangapi, alisema, "Sijui, bwana," akainama akaendelea kupalilia. Mama hakuondoka. Alimpikia, alimfulia, alizaa naye tena. Ila tangu Kemilembe afariki hakumwita kwa neno lolote. Alikuwa akisema, "Chakula hicho," basi, kama anaiambia nyumba. Nami nilikua katikati yao, nikijua. Kila mwaka nilijiambia mwaka ujao nitasema, nikiwa mkubwa kidogo, nikishaolewa, nikishazaa. Nilianza kuelewa ukubwa wa nilichokifanya polepole sana, kadiri nilivyojifunza hesabu, na kila nilipojifunza zaidi, kilizidi kukua.

Nilimwambia nikiwa na watoto watatu. Alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka, mgongo umepinda. Nilipiga magoti nikamwambia yote, fimbo ya karani, viboko vya mwalimu, kamba ya mafundo. Aliendelea kugeuza kahawa hadi nikamaliza.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini, Tata?"

"Ulivyosema mia. Mwanangu, nimeuza kahawa kwa wafanyabiashara tangu hujazaliwa. Mia naijua. Na elfu naijua."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunisahihisha pale pale.

Aliketi. Alichukua punje moja ya kahawa akaizungusha kwenye vidole muda mrefu. "Nilidhani huko shuleni mnahesabu kwa namna nyingine," akasema. "Nilijiambia, labda mia ya daftari ni kubwa kuliko mia ya mdomoni. Wewe ndiye uliyesoma. Na karani alifurahi sana. Niliona haya kuuliza mbele yake, nikaonekana sijui." Akairudisha punje mkekani. "Nilipoona yale magunia nikajua. Ulikuwa na miaka tisa. Ningewaambia watu nini? Wangekufanya nini?"

Nilimwambia nitakwenda kwa mama sasa hivi. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa bado na nguvu kuliko nilivyodhani.

"Mama yako amekwisha kunizoea mimi," akasema. "Ukimwambia, atakuwa amepoteza watoto wawili. Usimwambie."

Nikamtii. Nilijiambia ni utii. Lakini alipofariki, miaka michache baadaye, hakukuwa tena na mtu wa kumtii, na mimi bado nilinyamaza. Tulipokuwa kaburini, wanawake wakilia, mama alisimama mkavu, nikiwa nimemshika kiwiko. Udongo wa kwanza ulipoanguka alisema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo, "Akamwombe Kemilembe msamaha huko aendako." Wote waliokuwa karibu walisikia, na hakuna aliyeona ajabu. Nilifungua mdomo. Niliuhisi umefunguka, upepo ukaingia. Kisha nikaufunga, nikamwambia, "Twende, Mama, jua ni kali."

Alihamia kwangu baada ya arobaini. Aliishi miaka mingi, akapofuka, nikamwosha na kumlisha kwa mikono hii. Kila asubuhi kabla ya uji alikuwa akiniwekea kiganja kichwani na kuniombea kwa Mungu, akimshukuru kwa kumwachia mtoto huyu, ambaye maisha yake yote hajamfanyia ubaya wowote. Nami nilijibu amina.